Tairi la Tano

Mzigo mzito, tuliambiwa, mpe Mnyamwezi.
Mimi niliupa mlango wa nyuma,
na mlango ukanijibu kwa bawaba:
kwanza mlio, kisha ufa mwembamba kama unywele,
kisha asubuhi moja pale Donholm
ukakataa kufunga, ukabaki umening'inia
kama mdomo wa mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Kosa langu. Nilitaka matairi mapana,
inchi thelathini na tatu, meno ya kung'ata matope,
nikasahau kwamba manne yakinenepa
la tano nalo hunenepa.

Niliwaza kulirudisha chini ya tumbo la gari.
Lakini huko nilishawahi kulifuata, usiku, karibu na Kargi,
nikichimba mchanga kwa sahani ya kulia wali,
nyororo imeshika kutu, jeki inazama.
Juu ya paa? Kilo arobaini.
Mgongo wangu una miaka hamsini na miwili
na haukushauriwa.

Jumatatu nikaenda Enterprise Road.
Harshil ana kiyoyozi na kahawa.
Mkono wake wa chuma umetoka ng'ambo ndani ya sanduku,
mweusi, laini, una karatasi ya dhamana
na picha ya gari likiruka tuta la mchanga.
Shilingi elfu mia moja themanini na tano,
kufunga ni pesa nyingine.
Nilishika komeo, likasema klak,
mlio wa mlango wa benki.
"Ukifika Chalbi," akasema, "utanikumbuka."
Nikamwambia nitamkumbuka hata kabla ya Ruiru.

Jumanne, Kariobangi, karakana ya Kithome:
cheche, redio, mbwa amelala kwenye vumbi la chuma.
Kithome hana picha. Ana kitovu cha gurudumu
alichokitoa kwenye Probox iliyofia Mlolongo,
beringi zake bado zinazunguka kimya ndani ya grisi.
"Hiki kilibeba watu tisa na magunia ya miraa.
Kitashindwa na tairi moja?"
Hicho ndicho angekifanya bawaba,
akichomelee kwenye bampa, bampa kwenye chasisi,
mlango upumzike.
Elfu hamsini na mbili. Rangi juu yangu.
Nikauliza habari ya dhamana. Akaifuta mikono:
"Mimi niko hapa. Tangu themanini na tisa
niko hapa."

Usiku nikaandika safu mbili mezani:
uzito, bei, kutetemeka kwenye barabara ya mawe,
askari wa trafiki na namba ya gari itakayofichwa.
Kwamboka akasogeza kiti chake cha magurudumu, akasoma.
Dada yangu ni mhasibu;
huzicheka hesabu kabla ya kuwacheka watu.
"Chalbi umeenda mara ngapi?"
Mara moja.
"Na mimi kliniki, Kijabe?"
Mara mbili kwa mwezi, mwaka wa saba huu.
"Na kiti hiki hupandia mlango gani?"

Safu zangu mbili zilikuwa ndefu.
Kiti hakikuwemo.

Jumatano tukaenda wote. Kithome hakuwahi kuona
mteja anayepima kwa kiwiko.
Komeo lishuke, Kwamboka akasema, lifike usawa wa bega langu.
Na pini ya kuuzuia mkono usirudi
gari likiwa mteremkoni. "Kijabe kote ni mteremko,
na vidole ninavyo kumi tu.
Kama haufunguki kwa mkono mmoja,
huo si mlango, ni ugomvi."
Kithome akachora kwa chaki sakafuni,
akafuta kwa kiatu, akachora tena.

Umeenda upande kidogo, siwezi kudanganya.
Tukipita Limuru unagongagonga;
nimeuziba kwa kipande cha tyubu kuukuu.
Lakini Kwamboka huuvuta kwa mkono wa kushoto
na tairi lile zito humpisha polepole
kama bawabu anayemjua mwenye nyumba.

Tairi lenyewe halijagusa lami hata siku moja.
Bado lina vile vinywele vya mpira vya kiwandani,
na dada yangu huving'oa kimoja kimoja
akinisubiri nitafute funguo.